Boma la Boonesborough: ardhi iliyouzwa mara tatu na waliokuwa wanaitumia hawakuulizwa

Mwezi Mei 1775, chini ya mti mkubwa kando ya mto Kentucky huko Marekani, jamaa mmoja anaitwa John Farrar aliinama akakata bonge la udongo na nyasi zake juu, akamkabidhi mnunuzi, Richard Henderson, mkononi, watu wanaangalia. Ndo hivyo tu. Kwa sheria ya Kiingereza ya wakati ule bonge lile lilikuwa makabidhiano halali ya ardhi, kama sisi tunavyoandikishiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili, ila hapa hatuzungumzii heka mbili tatu, tunazungumzia kama heka milioni 20, karibu kilometa za mraba 80,000, sehemu kubwa ya Kentucky ya leo pamoja na kipande cha Tennessee. Farrar alikuwa anakabidhi kwa niaba ya Wacherokee, taifa mojawapo la wenyeji. Na mita chache kutoka kwenye ule mti kulikuwa na vibanda vya magogo ambavyo ndo vilikuwa mwanzo wa boma la Boonesborough.

Watu wengi wakisikia Boonesborough wanamkumbuka Daniel Boone na bunduki yake, mwindaji wa porini, shujaa. Mimi naona ukianzia kwa Boone hutaelewa kitu, utabaki unashangaa hao Wahindi Wekundu (jina tulilofundishwa shuleni, mimi hapa nitawaita kwa majina ya mataifa yao) walikuwa na hasira gani na kale kaboma kadogo. Anzia kwenye ardhi. Yeyote aliyewahi kununua kiwanja halafu wakatokea watu wengine watatu na karatasi zao ataielewa hii habari haraka sana.

Kwanza, Kentucky haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Washawnee walikuwa na kijiji kinaitwa Eskippakithiki, si mbali na pale boma lilipokuja kujengwa, na walikaa hapo mpaka miaka ya 1750, wafanyabiashara wa ngozi wakawa wanawafuata mpaka huko. Hata baada ya kuhamia kaskazini ya mto Ohio waliendelea kurudi kila msimu kuwinda. Nyama ya majira ya baridi ilitoka huko, na ngozi za kubadilishana na bunduki, baruti na nguo zilitoka huko. Wacherokee kutoka kusini nao walikuwa wanawinda humohumo, na mataifa haya mawili yaligombana sana juu ya hayo mawindo. Kwa hiyo ilikuwa ardhi yenye matumizi na yenye watu wanaoijua kila kijito, sema haikuwa na hati.

Mwaka 1763 mfalme wa Uingereza alitoa tangazo kwamba walowezi wasivuke milima ya Appalachia, na mtu binafsi asinunue ardhi kwa wenyeji. Hakufanya hivyo kwa huruma, alikuwa ametoka kwenye vita ya gharama na Ufaransa na hakutaka vita nyingine. Miaka mitano baadaye, 1768, kwenye mkutano wa Fort Stanwix huko New York, Mataifa Sita ya Iroquois yakaiuzia serikali ya mfalme ardhi yote ya kusini mwa mto Ohio mpaka mto Tennessee. Sasa Wairoquois walikuwa wanakaa mbali kabisa, kaskazini, na walidai ni yao kwa sababu babu zao waliwahi kuiteka. Washawnee ambao ndo walikuwa wanakula kutoka kwenye ile ardhi hawakuuza na hawakupata kitu. Hiyo mara ya kwanza.

Ya pili ni vita ya mwaka 1774. Gavana wa koloni la Virginia, Lord Dunmore, aliingia vitani na Washawnee, wakapigana Point Pleasant tarehe 10 Oktoba, na chifu wao Cornstalk akalazimika kukubali kwamba mto Ohio ndo mpaka na watu wake hawatavuka tena kuwinda kusini. Makubaliano ya mtu aliyetoka kupigwa, na Washawnee wengi hawakuyahesabu kama yanawafunga.

Ya tatu ndo ya Henderson. Huyu alikuwa jaji wa North Carolina, akaunda kampuni inaitwa Transylvania, halafu mwezi Machi 1775 akawaita Wacherokee Sycamore Shoals kwenye mto Watauga. Walikuja zaidi ya elfu moja. Bidhaa zilikuwa zimejazwa kwenye vibanda ili kila mtu azione: bunduki, baruti, mashati, mablanketi, vitambaa, vyote pamoja vikahesabiwa kuwa na thamani ya pauni 10,000. Wazee Attakullakulla na Oconostota wakaweka alama zao tarehe 17 Machi. Mtoto wa Attakullakulla, Dragging Canoe, alipinga hadharani, akaja kujitenga na wazee na kupigana na walowezi mpaka alipokufa mwaka 1792. Kuna ushahidi ulioandikwa Virginia baadaye, wa mtu aliyemsikia Mcherokee mmoja aliyepata shati moja kama mgao wake, alilalamika kwamba kwenye ardhi ile angeua paa kwa siku moja wa kutosha kununua zaidi ya hilo shati. Mimi hiyo sentensi ya shati imenikaa kichwani kuliko mikataba yote.

Magavana wawili, Martin wa North Carolina na Dunmore wa Virginia, walitoa matangazo kuupinga mpango wa Henderson, wakisema ni haramu kwa mujibu wa lile tangazo la mfalme. Henderson hakujali. Wazee wakiwa hata hawajasaini, tarehe 10 Machi, Boone alikuwa ameshatangulia na watu kama 30 wenye mashoka kufyeka njia kupitia pengo la milima linaloitwa Cumberland Gap.

Njia yenyewe haikuwa barabara, usifikirie gari la farasi. Ilikuwa kukata vichaka na matete, kuondoa magogo yaliyoanguka, kutia alama kwenye miti, kiasi cha farasi mwenye mzigo kupita. Alfajiri ya tarehe 25 Machi, wakiwa wamelala kambini karibu na ulipo mji wa Richmond wa leo, wakapigwa risasi. Aliyeuawa palepale alikuwa Sam, mtumwa mweusi wa Kapteni William Twitty, na Twitty mwenyewe akafa siku chache baadaye kwa majeraha. Ndo ujue kwamba mmoja wa watu wa kwanza kabisa kufa kwa ajili ya Boonesborough alikuwa Mwafrika ambaye asingepewa hata hatua moja ya ile ardhi. Kundi likaendelea, na tarehe 1 Aprili wakafika kwenye kijito cha Otter kinapoingia mto Kentucky, mahali penye maji ya chumvichumvi ambapo mamia ya nyati wa Marekani walikuwa wanakuja kulamba. Mmoja wao, Felix Walker, aliyekuwa amejeruhiwa na kubebwa, aliandika baadaye alivyoyaona yale makundi yakiondoka pale, wakubwa kwa ndama.

Henderson akafika tarehe 20 Aprili. Siku moja kabla, mbali huko Massachusetts, wanajeshi wa mfalme na wanamgambo walikuwa wamepigana risasi za kwanza za vita ya uhuru, na porini Kentucky hakuna aliyekuwa na habari. Akaangalia pale Boone alipoanza kujenga, akaona ni bondeni mno, akahamisha boma mita kama 300 kwenda sehemu iliyoinuka kidogo.

Boma lenyewe lilikuwaje? Nadhani tukisikia neno ngome tunaona mawe, kama Fort Jesus. Hapana. Chukua vibanda vya magogo kama 26 mpaka 30, vipange kwenye umbo la mstatili wa futi kama 260 kwa 180, migongo yote iangalie nje isiyo na dirisha, mapaa yainamie ndani ili mtu akienda kuzima moto juu asionekane kutoka nje, pengo kati ya kibanda na kibanda lizibe na magogo yaliyosimamishwa na kuchongoka juu, kwenye kona nne weka vibanda vya ghorofa ambavyo ghorofa yake imejitokeza nje ili ufyatue risasi ukiangalia chini. Ndani hapo watu, farasi, ng'ombe, mbwa, matope. Na maji? Chemchemi ilikuwa nje! Na kwa muda mrefu boma halikuisha, watu walikuwa wanakimbilia kupima viwanja na kupanda mahindi ili wapate haki ya ardhi, hakuna aliyetaka kupoteza siku anajenga ukuta wa wote. Henderson aliandika kwenye shajara yake akilalamikia hili, na pia jinsi watu walivyokuwa wanaua wanyama ovyo, wanachukua kipande kizuri na kuacha mzoga, mpaka kwa wiki chache tu wawindaji wakawa wanatembea maili 15 mpaka 30 kutafuta nyama.

Ndo maana kwenye kile kikao cha chini ya mti, Mei 23 hadi 27, ambacho kivuli chake Henderson anasema kingetosha watu mia kukaa, wajumbe kutoka makazi manne walipitisha sheria tisa na moja iliyoletwa na Boone mwenyewe ilikuwa ya kulinda wanyamapori. Bunge la porini, bila ukuta wala paa. Henderson alitaka kuifanya Transylvania kuwa koloni la 14, akatuma mjumbe kwenye Kongresi ya Philadelphia (mkutano wa yale makoloni 13 yaliyoasi) kuomba kutambuliwa, ila kule wakina Jefferson walikuwa watu wa Virginia na Virginia inaidai Kentucky kuwa yake, kwa hiyo mjumbe akarudi mikono mitupu.

Halafu akaharibu mwenyewe. Bei ya heka 100 ilianza shilingi 20, kampuni ikapandisha mpaka shilingi 50, na juu yake kuna kodi ya ardhi ya kila mwaka. Walowezi wa Harrodsburg, makazi mengine ya humohumo Kentucky, wakasema hapana, hatukuvuka milima kuja kuwa wapangaji wa bwana mwingine. Juni 1776 wakamtuma kijana anaitwa George Rogers Clark kwenda Virginia, akarudi na kilichokuwa na thamani kuliko hati yoyote, ratili 500 za baruti, na mwisho wa mwaka huo Virginia ikaitangaza Kentucky kuwa wilaya yake. Mwaka 1778 ikafuta kabisa ununuzi wa Henderson, ikampoza na heka 200,000 kwenye mto Green. Angalia hapo kwa makini: Virginia ilisema Henderson hakuwa na haki ya kununua, lakini haikusema basi Wacherokee warudishiwe. Kile alichonunua kikahesabiwa kimenunuliwa kwa faida ya Virginia.

Wakati hayo yanaendelea kwenye karatasi, Washawnee walikuwa wanaona moshi wa vibanda kwenye mawindo yao. Julai 1776 kundi la Washawnee na Wacherokee lilimteka Jemima, binti wa Boone mwenye miaka 13, na mabinti wawili wa Richard Callaway, mlowezi mwenzake, wakiwa kwenye mtumbwi mtoni, baba zao wakawafuatilia wakawarudisha baada ya siku mbili. Hii ndo hadithi inayopendwa zaidi na ndo isiyoeleza mengi, nitaipita. Kinachoeleza zaidi ni Novemba 1777, Cornstalk, yule chifu aliyekuwa anajaribu kuwazuia watu wake wasiingie vitani, alienda kwa amani kwenye boma la Fort Randolph, akawekwa kizuizini, akauawa na wanamgambo humo ndani pamoja na mtoto wake. Baada ya hapo nani tena angesikiliza mtu wa amani?

Januari 1778 Boone akatoka na watu kama 30 kwenda Blue Licks kuchemsha chumvi, na masufuria makubwa ya chuma yaliyotolewa na serikali ya Virginia. Maji ya pale yana chumvi hafifu, unachemsha mamia ya galoni kupata debe moja na kidogo, kuni usiku na mchana, lakini bila chumvi nyama inaoza na boma linakufa njaa. Tarehe 7 Februari Boone akiwa peke yake anawinda akakamatwa na kundi la Washawnee zaidi ya 100 chini ya chifu Blackfish, wakiwa njiani kwenda kulipiga boma. Akafanya uamuzi ambao watu wanaubishania mpaka leo: akawashawishi watu wake wasalimu amri, akamwambia Blackfish kwamba boma watajisalimisha wenyewe msimu wa joto, sasa hivi kuna baridi na wanawake na watoto watakufa njiani.

Aliyekuwa anatafsiri kati ya Boone na Blackfish alikuwa Pompey, mtu mweusi aliyekuwa anaishi na Washawnee. Washawnee walipiga kura kama mateka wauawe au la, na Pompey akawa anamnong'oneza Boone maneno yanavyosemwa. Kura 59 wafe, 61 waishi. Hebu fikiria kuwa pale, uhai wa watu zaidi ya 20 umeshikiliwa na kura mbili na mdomo wa mkalimani mmoja.

Baadhi ya mateka wakapelekwa kwa Waingereza Detroit, waliokuwa wanashirikiana na Washawnee kwenye ile vita ya uhuru, Boone akachukuliwa na Blackfish kama mtoto wake, akapewa jina Sheltowee, Kobe Mkubwa. Alikaa miezi minne, na sidhani ilikuwa maigizo tupu, watu waliomjua walisema aliwaheshimu sana wale wazazi wake wa pili. Ila alipoona mamia ya wapiganaji wanakusanyika kwenda Boonesborough alitoroka tarehe 16 Juni, maili 160 kwa siku nne, akafika boma likiwa na pengo ukutani na mkewe Rebecca keshaondoka na watoto kurudi North Carolina akiamini amekuwa mjane. Jemima pekee ndo alikuwa amebaki kumsubiri.

Tarehe 7 Septemba Blackfish akafika na watu zaidi ya 400, pamoja na Wafaransa wachache wa Detroit. Ndani ya boma wanaume wa kushika bunduki walikuwa kama 60 tu, watumwa wakiwemo, kwa hiyo wanawake wakavaa kofia na nguo za kiume wakapitapita langoni ili waonekane wengi. Pompey ndo alitoka kwanza, akaita jina la Boone kwa sauti. Wakakaa kikao nje, Blackfish na mwanawe wa kupanga, na siku ya pili ya mazungumzo wakafikia makubaliano kwamba mto Ohio uwe mpaka. Wakashikana mikono, wenyeji wawili kwa mzungu mmoja, hapohapo vurugu zikaanza, kila upande ukaja kusema mwenzake ndo alianza, wale wa boma wakakimbia kurudi ndani chini ya risasi.

Kilichofuata ni zaidi ya wiki nzima ya risasi na moto. Washambuliaji walichimba njia ya chini kwa chini kutoka ukingo wa mto kuelekea ukutani, na watu wa boma wakagundua kwa kuangalia tu mto: maji upande wa chini yalikuwa yamechafuka, ya juu yako safi, maana yake kuna udongo unamwagwa. Wakaanza kuchimba handaki lao kuwawahi. Usiku mienge ya moto inarushwa mapaani. Halafu mvua ikanyesha, mvua kweli, ikazima mapaa na kubomoa ile njia ya chini. Tarehe 18 Washawnee wakaondoka. Boone anasema waliokota ratili 125 za risasi kuzunguka boma.

Ndani ya boma walikufa wawili. Mmoja David Bundrin, mwingine London, mtumwa mweusi aliyekuwa mali ya familia ya Henderson, aliyekuwa anapigana upande wa ukuta. Na upande wa pili, Pompey naye akapigwa risasi akafa. Waafrika wawili, mmoja anakufa akilinda boma la waliommiliki, mwingine anakufa akilishambulia pamoja na watu waliomkaribisha, na ukisoma hadithi nyingi za Boonesborough hao wawili wanapewa mstari mmoja kila mtu.

Boone akashtakiwa na wenzake, Callaway na Benjamin Logan, kwamba aliwauza watu wa chumvi na alikuwa upande wa Waingereza. Mahakama ya kijeshi ikamwachia na kumpandisha cheo kuwa meja. Yeye na Callaway hawakupatana tena.

Mwaka 1779 Virginia ikaja na sheria ya ardhi, aliyekaa kabla ya 1778 anapata heka 400 na haki ya kununua nyingine 1,000 jirani, wengine wanunue hati za ardhi kwenye hazina ya Virginia. Tatizo hakukuwa na ramani moja. Kila mtu analeta mpimaji wake, mpaka unaandikwa "kuanzia mwaloni wenye alama mpaka kwenye kijito", mwaloni ukianguka mpaka umepotea, na hati zikapandana moja juu ya nyingine kama vigae vya paa. Kesi zilidumu miaka mingi na mawakili ndo walipata mashamba. Walioteseka ni walewale waliolala na bunduki ndani ya boma, kwa sababu walijua kulima na kuwinda, hawakujua kusajili. Boone mwenyewe, ambaye alikuwa mpimaji, alipoteza karibu kila kitu, akaondoka 1799 kwenda Missouri iliyokuwa chini ya Wahispania.

Boonesborough yenyewe ilipata hati ya mji mwezi Oktoba 1779, na Callaway akapewa leseni ya pantoni, ya kwanza Kentucky. Machi 1780 aliuawa akiwa anaijenga hiyo pantoni mtoni. Baruti ya maeneo hayo ilitengenezwa sana na Monk Estill, mtumwa aliyejua kuipata kutoka kwenye chumvi ya shura ya mapangoni (sio ile ya kula), na mwaka 1782 baada ya bwana wake kuuawa vitani yeye alimbeba mgongoni majeruhi mmoja maili kama 25 mpaka nyumbani, akapewa uhuru wake, inahesabiwa ni mtumwa wa kwanza kuachiwa huru Kentucky.

Kentucky ikawa jimbo tarehe 1 Juni 1792, makao makuu yakawekwa Frankfort, biashara ikaenda Lexington, na Boonesborough iliyo bondeni ikabaki na mafuriko yake. Kadiri miaka ilivyokwenda mji ukaisha kabisa, watu wakalima mahindi juu yake. Leo kuna hifadhi ya jimbo na boma la mfano lililojengwa miaka ya 1970, ila liko juu mlimani, sio mahali penyewe. Mahali penyewe pako chini karibu na mto, pana mnara wa mawe, na wachimbaji wa mambo ya kale walipochimba hapo mwaka 1987 walikuta mabaki ya vibanda bado yako chini ya udongo.